Divai ya Padre Ilivyofika Chamazi

Walimu wenzangu, tangu nirudi kazini kila mtu ananiuliza kivyake. Mmoja kasikia nilipata ajali ya bajaji, mwingine kasikia nimempelekea baba yangu dawa ya mganga, na yule wa hisabati, ambaye simtaji, anatangaza kwamba nilionekana Mbagala nimebeba pombe kwenye ndoo. Huyo wa mwisho hajakosea sana. Basi naandika mara moja tu, msome wote, halafu mniache nisahihishe madaftari.

Baba yangu, Mzee Mathayo, mnamjua kwa jina. Ni Mgogo wa Dodoma, na ujana wake wote uliishia kwenye shamba la zabibu la misheni. Bosi wake alikuwa Padre Silvano, Muitaliano, ambaye ndiye aliyemfundisha kupogoa mizabibu na kutengeneza divai ya misa. Kila mwaka walipoonja divai mpya, Padre alimwambia yale yale: "Matteo, hii bado mtoto. Divai ya kwetu ikilala miaka ishirini, thelathini, ukakasi unaisha, inakuwa kitu kingine kabisa. Siku moja utaonja." Siku hiyo haikufika. Divai ya misheni ilikuwa inaisha kabla hata ya Pasaka. Padre akazeeka akarudi kwao, Baba naye akazeeka, tukawahamishia Chamazi yeye na Mama. Sie watoto tulikuwaga tunamtania kwamba Padre alimpiga fiksi. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Kitu cha kunywa kikae miaka thelathini, kisioze, tena kiwe kizuri zaidi?

Mwaka huu Baba akapata uvimbe kooni. Daktari wake, dada mmoja mpole sana, alitukalisha akatuambia mionzi inaanza Jumatatu, na akatueleza bila kuzunguka kwamba ladha itapotea. Inaweza ikarudi baada ya miezi, inaweza ikarudi nusu, na inaweza isirudi. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo napigiwa simu na Sista Agneta wa Mikocheni, amerudi kutoka Italia, amemtembelea Padre Silvano kwenye nyumba ya mapadre wazee, na amepewa chupa amletee Matteo. Nilikaa chini kwenye ngazi za shule nikalia, nyie mkadhani nimefiwa. Nikampigia daktari. Akasema: "Vijiko viwili. Aonje, asinywe." Kwa hiyo nilikuwa na Jumamosi na Jumapili, basi.

MIKOCHENI, KWA MASISTA

Saa mbili asubuhi nilikuwa getini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Ingia mwalimu, chai kwanza."

Mie nimetoka Kipawa na roho juu, nataka chupa niondoke, lakini nani anamkatalia Sista chai? Nikanywa, na vitumbua viwili, halafu cha tatu, kwa sababu vilikuwa na iliki na vilikuwa bado vya moto. Ndipo akaileta. Chupa nyeusi, mabega mapana, lebo imekuwa ya njano, imeandikwa Barolo, jina la divai ya kwao Padre, na mwaka. Nikahesabu. Mwaka aliozaliwa mdogo wangu Joshua, ambaye ameshaoa na ana kitambi.

"Sasa sikiliza," akasema Sista. "Imelala miaka yote hiyo. Nimeisimamisha tangu juzi ili mashapo yashuke chini, unaona? Yale meusi. Yakichafuka, divai yote inakuwa chungu na tope mdomoni, na itabidi uisimamishe tena siku nzima ndipo uifungue. Kwa hiyo isilale, isipigwe jua, na isitikiswe."

"Sista, hii ni chupa au mama mjamzito?"

"Ni mzee, mwalimu. Mbebe kama mzee."

Nikamuuliza kama Padre alituma neno. Akasema Padre haongei sana siku hizi, ila alisema hivi: mwambie Matteo, hii ndiyo ile.

Tukaiweka imesimama kwenye ndoo ya lita kumi, tukaikaza pembeni kwa vitenge viwili, tukafunika. Na hapa lazima niwashukuru masista wale hadharani, maana gari lao lilikuwa linaenda uwanja wa ndege kupokea mgeni, wakanipakia hadi Kipawa bila hata kuomba. Nilikaa mbele, ndoo mapajani, nimeikumbatia kwa mikono miwili. Dereva aliniuliza kama ni maziwa mgando. Nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku hiyo, na kwa bahati mbaya ulinikolea.

KIPAWA, KUTAFUTA KIZIBUO

Nilishukia Kipawa kwa sababu moja: chupa ina kizibo cha gome la mti, na Chamazi nyumbani hakuna cha kukizibulia. Mie nafundisha Kiswahili, mnanijua, sitaki maneno ya kuokoteza. Nikaingia duka la vifaa la jirani yangu, nikamwambia kwa heshima zote: "Naomba kizibuo."

"Cha choo au cha sinki?"

"Cha chupa."

Akanitazama. Akaingia ndani, akarudi na lile dubwana la mpira jekundu lenye mpini wa mbao. "Hiki ndicho kikubwa," akasema. "Lakini chupa gani hiyo imeziba mwalimu? Kama ni ya mtoto, weka maji ya moto tu."

Nikaanza kumweleza, kizibo, gome, kuchoma, kuzungusha. Wateja wawili wakaanza kusaidia. Mmoja akasema ninachotaka ni bisibisi. Mwingine, mama mtu mzima mwenye kikapu cha mchicha, akanisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema: "Huyu anataka opena ya waini! Kile chuma kimejinyonga kama mkia wa nguruwe. Nenda baa hapo nyuma." Miaka ishirini na mbili ya kufundisha Kiswahili, jamani, nimesahihishwa na muuza mchicha, tena kwa neno la kuazima.

Baa nilikuwa sijawahi kuingia. Dada wa kaunta alikuwa anadeki. Nikamwambia baba yangu mgonjwa, nikamwambia na habari ya Jumatatu, ikanitoka tu yote. Akafungua droo, akanipa opena, akaifunga kwenye tishu. "Irudishe ukipata nafasi, dada. Mzee apone." Hakuniuliza jina wala namba ya simu. Nilitoka pale nimemshukuru hadi akaona aibu.

KIPAWA HADI RANGI TATU, NA BWANA SHOMARI

Saa tano hivi nikapata bajaji ya kunifikisha Chamazi moja kwa moja, nikalipa peke yangu ili nisibanwe. Dereva alikuwa mtu wa makamo, kofia ya kiua safi kabisa, ndevu zimeanza mvi, na kwenye kioo ametundika tasbihi. Akajitambulisha: Shomari, mzaliwa wa Mbagala, na babu yake alizaliwa Mbagala.

"Dada, hicho kwenye ndoo ni nini, niweke nyuma?"

Nikatazama kofia. Nikatazama tasbihi. Nikawaza, nikimwambia ni divai ataniteremsha hapa hapa, na jua limeshapanda. "Ni dawa," nikasema. "Ya baba yangu. Anaumwa koo."

"Basi shika mwenyewe. Dawa ya mzazi haiwekwi nyuma."

Mnaona mtu huyo? Na mie nimemdanganya.

Njia nzima tuliongea. Alishamuuguza mama yake miaka miwili, alijifunza kila kitu, kumgeuza, kumnywesha uji kwa kijiko, kumpa dawa kwa saa. Nikamweleza ya Baba, uvimbe, mionzi, Jumatatu. Tulipokata kuingia barabara ya Mbagala mvua ikashuka ghafla, ile ya dakika kumi ya kulowesha watu na kuondoka, akasimama chini ya kibanda cha sheli akateremsha mapazia ya nailoni upande wangu kwanza, ndipo upande wake. Alilowa bega zima. Nikataka kumwambia ukweli pale. Nikaikumbatia ndoo.

RANGI TATU HADI CHAMAZI, SIKU YA MECHI

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Chamazi kuna mechi. Kutoka Rangi Tatu kuingia ndani barabara yote ilikuwa jezi, mavuvuzela, pikipiki zimebeba watu watatu watatu wamejipaka rangi usoni. Hatukwenda mbele wala nyuma. Saa nane ikatukuta tumeegesha mbele ya mama anayekaanga mihogo.

Njaa ilikuwa inaniuma. Nikamwomba Shomari anishikie ndoo, nikashuka. Mihogo ya yule mama, nyie, ilikuwa mikavu nje, laini ndani, na chachandu ya ukwaju na pilipili inayokutoa machozi. Nikachukua ya watu wawili. Nikageuka.

Shomari ametoa chupa kwenye ndoo. Ameishika shingoni na kitakoni, ameinyanyua juu usawa wa macho, na anaitikisa. Hakuitikisa kidogo. Aliitikisa kwa nguvu na kwa makini, chini juu, chini juu, kama alivyofundishwa na nesi.

Nilipiga kelele hadi mashabiki wakageuka. Muhogo mmoja ukaanguka.

"Nini tena dada?"

"Unafanya nini?"

"Dawa imeganda chini," akasema, amehamaki. "Nimefunua ndoo nione kama imemwagika kwenye ile mvua, nikaona machicha yote yamekaa kitakoni. Mgonjwa si atapewa maji matupu? Dawa inatikiswa kwanza! Mie mama yangu nilimtikisia miaka miwili!"

Nikakaa kwenye kiti cha bajaji nikalia. Nililia kwa hasira, halafu kwa aibu, maana kosa lilikuwa langu, neno nililosema ndilo lililoitikisa ile chupa. Nikamwambia yote. Kwamba siyo dawa. Kwamba ni divai, imetunzwa miaka thelathini, imetoka Italia, Baba aionje kabla mionzi haijamwondolea ladha, na kwamba nilimwogopa kwa sababu ya kofia yake.

Akairudisha chupa kwenye ndoo, polepole, imesimama. Akafuta viganja kwenye suruali.

"Kumbe pombe," akasema.

"Nisamehe, kaka. Nishushe tu hapa, nitatembea."

"Unajua kilichoniuma? Siyo chupa. Ungeniambia ukweli asubuhi, ningekuambia mie hiyo sibebi, lakini ningekutafutia mwenzangu anayebeba, na ningemwambia aende polepole. Umeniona mtu mbaya kabla hujanisikia." Akatazama mbele kwenye foleni. "Baba yako anaanza lini ulisema?"

"Jumatatu asubuhi."

"Na hiyo akikosa kesho, basi tena?"

"Basi tena."

"Panda vizuri. Mie nambeba binti wa mgonjwa. Alichoshika mkononi ni cha kwake na Mola wake."

Akala muhogo wake, akaomba chachandu zaidi. Kutoka pale hadi nyumbani hakuna shimo hata moja alilopitia. Alikuwa anashuka, anatazama dimbwi, anarudi, anakwepa. Madereva wa nyuma walimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya mwalimu, naye anajibu, "Sawa, kaka. Pita, kaka." Sijawahi kubebwa hivyo na mtu yeyote.

CHAMAZI, JUMAMOSI JIONI

Baba alikuwa kibarazani, kanga ya Mama shingoni kuficha uvimbe. Shomari akaingia na mie hadi ndani, hakukubali kuondoka hivi hivi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, chupa yako nimeitikisa mie. Niliambiwa dawa."

Nikamweleza Baba mkasa wote, na ile ya choo na sinki pia. Baba akaanza kutikisika mabega. Nilidhani kapaliwa. Kumbe anacheka, kicheko cha sauti iliyokwaruza, cha kwanza tangu hospitali. Akamwambia Shomari: "Hata mie mwaka wa kwanza nilitikisa pipa zima. Padre alinikimbiza na fyekeo." Shomari akamwombea shifaa, akanywa maji, akaondoka. Nauli ya ziada kwa ile foleni aliikataa.

Baba akataka ifunguliwe pale pale. Nikampigia Sista, na Sista alipomaliza kushangaa akasema hapana, isimame hadi kesho jioni, na hata hapo hana uhakika kama mashapo yatakuwa yameshuka. Baba akaitazama tu. Tukaisimamisha juu ya kabati la vyombo, na Mama akakataza mtu kufunga mlango kwa nguvu.

JUMAPILI

Sitawaambia mengi ya Jumapili maana hakuna kilichotokea isipokuwa kungoja. Tulirudi kutoka misa, Mama akapika ugali na mlenda kwa sababu Baba aliuomba, alisema anautaka mlenda wake kabla ya kesho. Alikula taratibu. Kila nusu saa anaamka, anawasha tochi ya simu nyuma ya chupa, anachungulia, anarudi kukaa. Saa saba bado. Saa tisa bado, kuna ukungu. Mie nilikuwa nasali kimoyomoyo, na kila nikimtazama nilikuwa najilaumu upya. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Tulia. Ingekuwa imevunjika je?"

Saa kumi na moja akachungulia, akasema: "Haya. Imetulia."

Nikaanza kufungua mie, kizibo kikakatika nusu. Baba akaninyang'anya opena bila kusema. Akaingiza chuma kiubavu, akavuta kwa pumzi moja, kikatoka. Halafu akamimina kwenye jagi la kioo, tochi ameiegesha nyuma ya shingo ya chupa, uzi mwembamba, polepole, hadi alipoona weusi wa kwanza unakaribia, akasimamisha mkono. Chini ya chupa likabaki tope.

Nilitegemea kitu chekundu cha kung'aa. Ilikuwa rangi ya chai ya rangi, na pembeni ya glasi inaelekea tofali. Mama akanusa: "Hii imekufa." Mie nikanusa: maua makavu, ngozi, na kitu kama lami ya barabara mpya. Baba akanusa kwa muda mrefu, macho amefumba.

Nikampa kijiko cha kwanza. Akakiweka mdomoni, hakumeza. Akakizungusha huku na huku, shavu hili, shavu lile, halafu akameza kwa taabu, ameshika koo. Akalitazama jagi, akakunja uso. Nikajua imeharibika, nikajua nimemharibia.

"Baba?"

Akafungua mdomo kwa kijiko cha pili kama mtoto. Hicho alikaa nacho muda mrefu zaidi. Alipomeza, machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Kumbe hakunidanganya," akasema. "Mama Joshua, unasikia? Padre hakunidanganya."

Kisha akatueleza, mtu asiyependa maneno. Kwamba ukakasi upo, lakini umekuwa mwembamba, unaugusa ulimi unaondoka. Kwamba kuna tini kavu mle, na kuna ile harufu ya stoo ya misheni asubuhi wakifungua mlango. Kwamba inabaki. Unameza, na bado inabaki. Nikamsogezea kijiko cha tatu, akaniondoa mkono: daktari kasema viwili. Tukanywa mie na Mama kilichobaki, kidogo kidogo, na Mama aliyesema imekufa akaomba tena.

Sasa ni wiki ya tatu ya mionzi. Ladha imeondoka kama walivyosema, hata chumvi haijui. Mdomo umekauka kabisa, analala na chupa ya maji kitandani, na uji anaumeza kwa sababu tu Mama amesimama pale. Juzi nilimkuta amechoka, ameugeukia ukuta, hataki kuongea na mtu. Nikakaa pembeni yake, nikamuuliza, "Baba, ile ya Padre ilikuwaje?" Akageuka. Akaanza tangu mwanzo, na alipofika pale inapobaki, nikamwona anameza mate.